Skrubu ya Tairi la Nyuma Kushoto

Bhoke mwanangu,

Salamu nimeshakupa asubuhi hii, ulipopita hapa gereji na gauni lako la kanisani ukanikuta nimekalia kreti ya soda najifanya natafuta spana. Sikuwa natafuta spana. Nilikuwa nasubiri wewe na mama yako mpotelee kwenye kona ya mashine ya kusaga ili nitoe daftari. Mama yako nimemwambia siji ibadani kwa sababu kuna gari la mtu linanisubiri. Hilo ni kweli kabisa. Sikumwambia tu kwamba limenisubiri miaka kumi na moja.

Kesho unapanda basi la Tarime, na kutoka Tarime unaingia Sirari kwenye hiyo gereji ya malori. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha, marafiki wa kuazima nguo na vijana wa mpakani wanaosema "niaje madam", mama yako amezimaliza. Amezimaliza mara tatu, nilikuwepo. Mimi naandika jambo moja ambalo mama yako halijui. Ningeweza kukurekodia kwenye simu, lakini najua watu wanavyosikiliza sauti za simu, huku wanakaanga vitunguu. Barua mtu huikalia chini. Tena nikishaandika kwa kalamu siwezi kubonyeza nikafuta, na leo nahitaji kitu kisichofutika kirahisi.

Nianze na Alhamisi.

Alhamisi ulirudi kutoka kwenye majaribio huko Sirari, umebeba mkate wa Kenya, ukatusimulia pale uani jinsi msimamizi alivyowapa dramu kuukuu ya breki yenye skrubu mbili, moja imelika kichwa hadi imekuwa laini kama sahani. Kijana wa kwanza akazungusha bisibisi juu yake hadi ikawa laini zaidi. Wa pili akaomba drili. Wewe ukaomba nyundo na dakika tano. Ukachagua bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, ukaikandamiza kwa uzito wa mwili, ukaigonga kisogoni mara kadhaa ili kutu ishtuke, ukakaza kidogo kabla ya kulegeza, ikatoka. Msimamizi akakuuliza, "Wewe umesomea wapi?" Ukamjibu, "Kwa baba yangu, Mugumu. Hakuna skrubu iliyowahi kumshinda."

Mama yako akapiga makofi. Mimi nikatazama chai.

Mjomba wako Marwa naye alikuwepo. Ulikuwa umempa ile shikamoo yako ya kurusha, unayoitoa ukiwa umeshageuka upande mwingine. Kisha hadithi yako iliponoga ukamwambia, "Mjomba, ukija Sirari nitakufungia breki mwenyewe. Ila sharti ni moja, huimbi." Watu wakacheka. Marwa akacheka pamoja nao, fimbo yake ameibana katikati ya magoti. Akasema, "Mpwa wangu, breki siku ile hazikuwa na kosa. Alizifunga baba yako. Kosa lilikuwa mguu wangu na mdomo wangu."

Alisema huku ananitazama mimi, bila hila yoyote, kama mtu anayemtetea shemeji yake mbele ya watoto. Nimepigwa ngumi na wateja, nimeangukiwa na gia boksi mguuni, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale. Usiku huo sikulala, na usiku uliofuata pia. Jana nikaamka nimekwisha kuamua.

Kwa hiyo kaa chini. Skrubu iliyonishinda ipo.

Unajua kwamba ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kukaa karibu na watu wanaojua huku nikijifanya nauza karanga. Karanga zenyewe zilikuwa mbaya, ndiyo maana nilipata muda mwingi wa kutazama. Hivyo ndivyo nilivyojua injini, gia, na breki. Lakini kuna somo halionekani kwa macho ya muuza karanga, nalo ni fundi mkubwa kumwambia mwenye gari kwamba yeye fundi ameharibu. Hayo huyasema pembeni, kwa sauti ya chini, mbali na wauza karanga. Mimi nikakua nikiamini mafundi wa kweli hawaharibu. Kila nilipoharibu kitu nilidhani ni kwa sababu sikwenda shule, na siku watu wakijua watanirudishia karanga zangu.

Ongeza hapo jina. Pale kijiweni walikuwa wananiita Haikwami. Nililipenda jina lile kuliko lile nililobatizwa.

Sasa, wewe mambo haya ya breki unayajua, lakini nayaandika hatua kwa hatua kwa sababu nataka nami niyaone. Marwa alileta pikapu yake alasiri moja, ile nyeupe. Bomba moja la breki lilikuwa linavuja. Nikabadilisha bomba, nikaanza kutoa upepo, maana hewa ikibaki kwenye mafuta ya breki, pedali inazama kama unakanyaga uji. Nyuma ya kila tairi kuna ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, yenye tundu katikati, ndogo kama jino la mtoto. Unailegeza, hewa inatoka, unaikaza. Mbele kulia, sawa. Mbele kushoto, sawa. Nyuma kulia, sawa. Nyuma kushoto ikakataa.

Ilikuwa imeshika kutu. Spana niliyokuwa nayo mdomo wake ulikuwa umechakaa, nilijua umechakaa, nikaitumia. Ikateleza, ikala pembe zote za skrubu. Hapo ndipo mtu anapotakiwa kusimama. Umwagie dizeli, ukanywe chai, ulale, uirudie kesho. Mimi nikachukua praizi, nikaing'ata kwa nguvu zote. Unaifahamu ile hali, mkono unahisi chuma kinalainika, moyo unafurahi nusu sekunde ukidhani inafunguka. Haifunguki. Inakatika.

Nikabaki na kichwa cha skrubu kwenye praizi, mwili wake umebaki ndani ya silinda ya breki.

Tiba yake ilikuwa rahisi, na bado ni rahisi. Kutoka mvunguni, kwenda kwa Marwa aliyekuwa amekaa getini anatafuna hindi, na kumwambia, "Shemeji, nimeikata. Gari halitoki leo." Basi. Angenung'unika, angelala kwetu, silinda nyingine ingekuja na basi kutoka Musoma. Nilitoka hadi usawa wa geti na maneno hayo mdomoni. Nikamsikia anawaambia watu wawili waliokuwa wamesimama pale, "Huyu shemeji yangu muacheni tu. Hakuna kinachomkwama."

Nikarudi mvunguni.

Nilichofanya nitakiandika mara moja tu. Nililikunja bomba la breki linalokwenda tairi lile, nikaligonga kwa nyundo hadi likabapa, kama mtu anavyokunja mdomo wa mfuko wa chumvi. Mafuta yakawa hayafiki tena kwenye tairi la nyuma kushoto. Gari likabaki na breki tatu. Usidhani ujanja huo niliuvumbua mwenyewe. Niliuona wakati wa karanga, mafundi wakifanya gari lifike tu nyumbani. Wao walimwambia dereva.

Na pedali ilivyokuja juu, ngumu, nzuri kuliko ya gari jipya. Ubaya wa jambo hili ni kwamba linafanya kazi. Ukizunguka mjini Mugumu kwa mwendo wa kununua mchele, breki tatu hazikuambii lolote.

"Vipi, breki?" Marwa akaniuliza.

"Ziko safi, shemeji. Hata ukisinzia zitajishika zenyewe."

Asubuhi yake alikuwa anakwenda Tarime, na wewe ulikuwa umefunga shule. Ulilia hadi akakubali kukuchukua ukamwone bibi yako. Nilikuinua mimi mwenyewe nikakuweka kiti cha mbele. Ulikuwa na miaka tisa, na viatu umevivaa kushoto kulia. Nilifunga mlango, nikapigapiga bati kwa kiganja kama wafanyavyo mafundi, kumaanisha nendeni, niko nyuma ya gari hili.

Ungeniuliza nilikuwa na nafasi ngapi za kusema, ningekwambia: getini, jioni ile Marwa alipokula kwetu, na pale kiganja kilipokuwa juu ya bati.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Mvua ilikuwa imenyesha. Mmeshapita Nyamongo, mko kwenye mteremko, ng'ombe wakavuka. Marwa akakanyaga breki. Gari lenye breki ya nyuma upande mmoja, kwenye tope, linafanya jambo moja tu: mkia unazunguka. Mkaingia mtaroni, gari likalala ubavu. Wewe ukapata hilo kovu la kidevuni. Marwa mguu ukavunjika mahali pawili, na goti halikurudi.

Marwa alipotoka hospitali, familia ilikaa kuuliza, na watu wazima waliongea sana na hawakujua kitu. Kisha mtu akakuuliza wewe. Ukasema, "Mjomba alikuwa anaimba." Ulisema kweli. Marwa alikuwa anaimba kila anapoendesha, barabara nzima ya kwenda Tarime ilimjua. Lakini sentensi ile ilimfunga. Watu wakatazamana, wakapata walichokuwa wanatafuta. Anaimba, maana yake hakuwa makini. Na yeye mwenyewe akaamini. Nilimwona akiamini, Bhoke. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kimya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshakwenda kuliangalia gari kule mtaroni. Nilichungulia chini, upande wa nyuma kushoto. Matope yalikuwa yamelifunika bomba lote. Nilifurahi. Sikuwa na hofu wala huzuni kwa dakika ile, nilifurahi tu kuona matope. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote, na ndilo nililokaribia kutoliandika.

Kuna la mwisho. Siku chache baada ya kikao hicho, Marwa alikuja kwetu na mbuzi. Alikuja na fimbo mkono mmoja na kamba ya mbuzi mkono mwingine, kwa sababu alikuwa amemtia hatarini mtoto wa dada yake, na kwa watu wetu jambo la namna ile halipiti kwa maneno matupu. Mbuzi akachinjwa. Nilikula. Niliombwa nianze mimi, kama baba wa mtoto, nami nikaanza.

Tangu siku hiyo mjomba wako hajashika usukani. Analima mboga kule Manchira, pikapu ililetwa ikatupwa nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga humo. Wewe ukakua ukimwona kama mtu mzembe mwenye bahati mbaya ya kuwa mjomba wako. Kila nilipoona unamrushia ile shikamoo, nilijua ni mimi niliyekufundisha.

Umewahi kuniuliza kwa nini nilikuwa nakulea kwa upole kwenye kila kitu isipokuwa skrubu. Ukikosea kupanga vyombo nilinyamaza. Ukichukua spana yenye mdomo mbovu, niligeuka simba. Siku moja ulikaa kuanzia asubuhi hadi jioni unasubiri dizeli iingie kwenye skrubu moja ya dramu, mteja anafoka, na mimi nikakwambia acha afoke. Ukamwambia mama yako, "Baba anaipenda skrubu kuliko mteja." Sasa unajua nilikuwa naongea na nani.

Ibada inaisha saa sita. Yule mbuzi wetu beberu mwekundu nimemfunga pale kwenye nguzo, anakula kifuniko cha daftari langu. Naenda Manchira sasa hivi. Nikirudi nitamalizia hapa chini, vyovyote itakavyokuwa. Nisipomalizia utajua niliishia getini tena.

*

Saa kumi na moja kasoro. Nimerudi. Nasikia wewe na mama yako mnabishana ndani kuhusu blanketi. Mikono yangu ina masizi, utasamehe alama kwenye karatasi.

Nilimkuta Marwa bustanini, anageuza maji kwenye matuta ya sukuma wiki kwa ncha ya fimbo. Aliniona kwa mbali.

"Mura, shemeji, Jumapili unatembea na mbuzi? Umefukuzwa nyumbani au umefukuzwa kanisani?"

"Nimekuletea wewe."

"Wa nini?"

"Wa mguu."

Akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kamba ya mbuzi mkononi, kama nilivyokuandikia wewe, kuanzia spana hadi matope. Maji yalijaa kwenye tuta moja yakamwagika njiani, hakuna aliyeyageuza.

Nilipomaliza akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Dada yangu?"

"Hajui."

Akajishusha kwenye ukingo wa tuta. Halafu akasema, "Nilimpigia magoti dada yangu kumwomba msamaha. Magoti, mura, na moja halikunji. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Nilidhani umenyamaza kwa kunihurumia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Aliinuka, akapita mbele yangu akielekea nyuma ya nyumba, akasema bila kugeuka, "Nionyeshe."

Mfuko wa vyombo nilikuwa nao begani. Sikupanga kuubeba, mkono wangu haujui kutoka nyumbani bila huo. Tukawafukuza kuku. Tairi lenyewe lilikwisha kuuzwa zamani, imebaki dramu, na kwenye dramu zile skrubu mbili za kuishikilia. Moja ilikuwa na kichwa kilicholika. Niliitambua. Niliiharibu mimi, nilipojaribu kwa haraka kufungua dramu siku ile. Nikachukua tindo, nikaiweka pembeni ya kichwa, nikaigonga pole pole kwa kuisukuma kwenda upande wa kufungua, hadi ikazunguka. Dramu ikatoka na kiota cha panya. Nikamwonyesha bomba nyuma yake. Lilikuwa limekunjwa na kubapa, kana kwamba nililigonga jana.

Akainama, akalipapasa kwa kidole. "Ni hili?"

"Ni hilo."

"Na skrubu yenyewe?"

"Kipande kimo ndani ya silinda."

"Kitoe."

"Marwa, hiyo ni kutu ya miaka kumi na moja."

"Kitoe. Mimi nina siku nzima. Sina gari la kuwahi."

Akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, fimbo katikati ya magoti.

Nikafungua silinda nikaitoa kwenye bati lake. Mke wake akaniletea jiko la mkaa, hakuuliza, alikuwa amesikia yote kutokea dirishani. Nilitoa mipira ya ndani kwanza, nikaiweka silinda juu ya mkaa hadi ikawa ya moto sawasawa, si upande mmoja. Nikasugua mshumaa pale kilipo kipande, nta ikayeyuka ikanyonywa ndani kwenye nyuzi. Nikaacha ipoe. Nikarudia. Halafu nikachukua tupa kuukuu, ule mkia wake mwembamba wenye pembe nne, nikaugonga kidogo ndani ya lile tundu la skrubu hadi ukang'ata, nikajaribu kuzungusha.

Haikusogea. Nami nikausikia mkono wangu ukitaka kuongeza nguvu. Ulikuwa mkono uleule, Bhoke, miaka yote hii haukubadilika. Nikauachia. Nikaweka silinda tena kwenye mkaa. Marwa alikuwa anatazama mkono, si silinda.

Mara ya nne nikakaza kwanza, kidogo sana, upande usiotakiwa. Kikalia, kwi, kama mlango wa ghala. Nikalegeza robo, nikarudisha nusu ya hiyo robo, nikapaka nta, nikalegeza tena. Kikatoka kizima, cheusi, nyuzi zake zote zipo.

Nikampa. Akakishika kwa vidole viwili, akakipuliza.

"Kumbe ilikuwa inatoka," akasema.

"Ilikuwa inatoka."

"Imechukua muda gani?"

Nikatazama jua. "Masaa mawili. Na nusu, labda."

Akatikisa kichwa. Aliuangalia mguu wake, halafu kile kipande, halafu mguu, kama mtu anayepima vitu viwili kwa macho. Kisha akakiweka kwenye kiganja changu akakifunga vidole vyangu juu yake, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mpe Bhoke aende nacho," akasema. "Mbuzi mwache. Wangu ulimla. Ila simchinji leo, na siku nitakayomchinja sitakuita."

"Sawa."

"Na dada yangu umwambie wewe, leo hii. Kesho nakuja stendi kumuaga mpwa wangu. Sitaki kusimama pale na fimbo hii halafu yeye bado hajui."

"Nitamwambia."

"Getini uliishia njiani."

"Leo nitafika."

Niliondoka nikimwacha anayageuza maji. Nilipofika barabarani nilisimama kidogo nisikilize. Hakuimba. Nakuambia hivyo kwa sababu najua ungependa niandike kwamba aliimba, na mimi ningependa kuandika. Lakini kwako sipambi tena kitu, hata kizuri.

Kipande kimo ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwa karatasi ya sabuni. Usikitie mafuta, kiache na kutu yake. Kiweke kwenye kisanduku chako cha vyombo mahali utakapokigusa kila unapotafuta bisibisi. Huko Sirari utakata skrubu. Sisemi labda, utakata, maana malori yale yanatembea kwenye vumbi na tope la nchi tatu, na msimamizi atakuwa anaharakisha, na dereva atakuwa anapiga honi kwamba foleni ya mpakani inasogea. Mkono wako utakapohisi ule ulaini wa nusu sekunde, utakuwa na neno moja la kusema, na utalisema kwa sauti inayofika getini: nimeikata. Watakucheka wakisema msichana. Watakuita jina. Lichukue hilo jina, ni bora mara elfu kuliko Haikwami.

Ukiulizwa tena ulisomea wapi, sema kwa baba yako Mugumu. Usiongeze ile sentensi ya pili.

Watu huficha barua za namna hii chini ya begi ili zisomwe mbali, mwandishi akiwa hayupo. Hiyo ni namna nyingine ya kurudi mvunguni. Hii nakupa mkononi, uisome leo hapo kando ya ukuta wa gereji kabla jua halijazama, na ukitaka kuniuliza kitu nipo. Ukitaka kutoniuliza pia, nipo. Nikiweka kalamu chini naingia ndani kumwambia mama yako. Utasikia sauti. Usiingie, hata zikipanda, zina haki ya kupanda.

Kesho asubuhi sijui mama yako atakuwa amesimama upande gani wa stendi, nami sijui nitakuwa nimesimama wapi. Hilo ni letu. Lakini Marwa akisema anakuja, huja, na atakuja mapema kwa sababu anatembea polepole. Utamwona anavuka barabara na fimbo. Shusha begi chini, uache basi lipige honi, mfuate wewe alipo usimngoje akufikie, umtazame usoni, na umpe shikamoo yake nzima.

Baba yako